Abiria wa Mkaguzi

Sheria mpya ilikuwa wazi: mkaguzi wa serikali akiidhinisha injini ya ndege ya abiria, yeye au mtu wa familia yake apande ndege hiyo katika safari ya kwanza. Mkaguzi Kiwelu, mtu wa kitambi na vyeti vingi ukutani, alikaa mezani na kishikwambi chake, akajaza jina la mama mkwe wake.

"Injini umeifungua?" mkewe, Namsifu, akamuuliza.

"Kampuni imeshajaza fomu zote, Mama Aikande."

"Nimeuliza kama umeifungua."

"Zimejazwa vizuri sana."

Namsifu akacheka kwa dharau. Akalifuta jina la mama yake, akaandika la Kiwelu. "Basi panda wewe."

"Mimi? Nikifa, nani atakagua?"

Namsifu akabonyeza kitufe cha kutuma. Kiwelu akakurupuka, akapiga simu uwanjani huku jasho likimtoka, akaamuru injini izuiwe mara moja kwa usalama wa umma.

"Nimeokoa watu mia mbili," akasema alipokata simu, kifua mbele.

"Na kabla ya sheria hii ulipitisha injini ngapi?"

Kiwelu akafungua kinywa. Ndege ikapita juu ya paa, na wote wawili wakaisikiliza mpaka mlio wake ukapotea.