Wakili wa Mama Kemilembe

Siku hizi aliyemkosea mgonjwa dawa ndiye anayekuwa wakili wake mahakamani. Ndiyo maana kila Jumamosi mimi, Leokadia, mfamasia, huenda kwa Mama Kemilembe kuandika mashtaka dhidi yangu mwenyewe.

Kwenye bahasha yake ya vidonge niliandika vitatu kutwa mara tatu, badala ya kimoja. Alimeza kama nilivyoandika, hadi macho yakafa. Tukishinda, serikali itampa macho ya kupandikizwa, nami nitanyang'anywa leseni.

Jumamosi iliyopita nilimkuta sebuleni akichambua senene, wale panzi wa kuliwa, kwa kupapasa, ananyofoa mbawa na miguu bila kumruka hata mmoja. Akanisogezea bakuli la waliokwisha kukaangwa.

"Kula, mwanangu. Wakikufukuza, wale watoto wako utawalisha nini?"

"Usiwaze hayo, Mama. Kesi ni yako."

"Basi andika ninavyosema mimi. Andika bahasha ilisema kimoja, nikakosea mwenyewe."

"Lakini bahasha ninayo hapa."

"Mimi siioni," akasema, akarudi kwenye senene wake.

Sheria inamtaka wakili aandike maneno ya mteja. Ndivyo nilivyojiambia. Niliandika, nikamsomea polepole, mara mbili, nikitumaini atanikatiza. Akaendelea kunyofoa mbawa. Nikakishika kidole gumba chake, ubawa wa senene ukiwa bado umenata hapo, nikakibonyeza mahali pa sahihi. Bahasha nikaitia mkobani mwangu.

"Umeshiba, mwanangu?" akaniuliza.

Nikamwambia nimeshiba.