Jina la Ndani

"Jina lolote, fundi, lakini si hilo!" Mzee alipiga meza, vikombe vikaruka.

Fundi wa mitandao aliondoa vidole kwenye kompyuta kwa mara ya tano. Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi. Kamera ya geti, printa na televisheni zilitakiwa kubeba jina moja la nyumba, la humo ndani tu. Mtu akitaka kuona geti, aandike "geti", nukta, kisha jina hilo. Nyaya zilichukua saa moja. Jina lilikuwa linaingia saa ya tatu.

Mama mwenye nyumba alitaka "nyumbani". Basi. Kwa miaka mitano mumewe, mkaguzi wa mizani, alikuwa akimaliza nusu ya kila mwezi huko tawi la pili la ofisi yao. Alirudi jana tu, na begi lake lilikuwa bado mlangoni. Mama alitaka walau mashine zimkumbushe kwake ni wapi.

"Nyumbani ni jina la kila mtu," mzee alisema. "Wezi wataanzia hapo hapo."

"Mzee, jina hili halitoki nje ya ukuta. Nimesema mpaka koo limekauka."

"Weka Himaya. Au Ngome."

"Ngome ya nani, baba?" kitinda mimba wao aliuliza huku akikuna ndevu zake. "Mwenye ngome mwenyewe haonekani."

"Nyamaza wewe! Hata kuoa hujaoa."

Mama alimtazama mumewe. Feni ilikuwa inazunguka juu ya kichwa chake, naye analowa kama mbeba magunia.

"Mume wangu, neno moja tu ndilo linalokutoa jasho hivyo?"

Mzee akaona maji yamezidi unga. "Haya, wekeni! Mkiibiwa msinililie."

Fundi akabonyeza mara mbili, kazi ikaisha. Akaiunganisha simu ya mzee, akamtuma akasimame getini ili waijaribu kamera.

Kupitia dirishani walimwona akiiweka sawa kola yake, kifua mbele, akiitabasamia kamera.

"Andika sasa, mama," fundi alisema, akampa simu ya mumewe.

Mama akasahau kuanza na "geti". Aliandika "nyumba", na kabla hajamalizia, simu ikammalizia yenyewe, kwa anwani iliyofunguliwa juzi: kamera-ya-kichanga.nyumbani.