Mkato wa Tano

Mikato kwenye mfupa ilikuwa minne, na yote ilikuwa ya kahawia kama mfupa wenyewe. Voahirana alitamani iwe myeupe. Mkato mweupe ni wa jana, wa mwiko wa mchimbaji mzembe. Wa kahawia ni wa kisu cha mtu wa kale, aliyemla ndege mkubwa kuliko mbuni hapa kusini mwa Madagaska.

Miaka kumi na minne alikuwa akichimba bonde hili, akiambulia vipande vya maganda ya mayai. Binti aliyeupata mfupa huu alikuwa na wiki tatu tu kazini, na nje ya hema wachimbaji walikuwa tayari wanamwimbia.

Mezani palikuwa na sindano ya kuondolea udongo. Akaichukua. Akaiburuta kando ya mkato wa nne, na mstari mweupe kama jino ukatokea, unga wake ukimwangukia gotini.

Binti aliingia na kikombe cha maji ya ukoko wa wali, akampa kwa mikono miwili.

"Kunywa, dada. Nimewaambia wapunguze kelele. Wewe ukisema ni ya kale, basi ni ya kale."

Voahirana akapangusa goti taratibu.

"Kuna mmoja mweupe, mdogo wangu. Nadhani mwiko wako uliteleza."

Binti akainama, akahesabu kwa kidole kilichokunjwa, maana vitu vya wazee wa kale havinyooshewi kidole.

"Mitano," akasema polepole. "Kwenye picha ni minne, dada. Si wewe uliyenifundisha kupiga picha kabla mfupa haujatoka ardhini?"