Kaburi la Majengo

Waliposikia maiti analetwa Majengo, wanaume walichimba kaburi kabla ya kuuliza ni Majengo ipi. Alasiri simu ikaja: marehemu ameshazikwa, Majengo nyingine, ng'ambo ya mto.

Wakatazamana. Kaburi lililochimbwa halifukiwi tupu, litatafuta mtu.

"Leteni mgomba tuuzike," alisema Mzee Shekuwe, mkubwa wao.

Mwanasita, jirani wa makaburi, akakata mmoja uani kwake. Wakauvika sanda, wakaulaza, wakaanza kufukia upesi. Hakuna kati ya wanaume aliyekumbuka kwamba nyumba ulikotoka mgomba ina mgonjwa.

Mwanasita alipoingia ndani, mumewe, aliyelala siku nyingi bila kusema, alikuwa ameketi kitandani anapangusa uso.

"Mke wangu, mchanga huu unatoka wapi?"

Nje, majembe yalikuwa bado yanafukia.