Hina ya Siku ya Saba

Katika mji mmoja joka lilikuwa limejizungusha kwenye kisima pekee, na liwali akatangaza kwamba atakayeliua atamwoa binti yake, Mwanakheri. Desturi ilimtaka bibi harusi akae barazani, mikono imepakwa hina, asiguse kitu mpaka mshindi arudi. Leo ilikuwa siku ya saba. Mgongo ulimuuma, na hata kulala alilala palepale kitini.

Mposaji wa sita alirudi mbio, kanzu imechanika, akautupa mkuki barazani.

"Umeliona?" Mwanakheri akamuuliza.

"Nimeona mkia, dada. Mkia umenitosha."

Bi Salha, somo wake aliyemfunda mambo ya ndoa, akacheka mpaka akakohoa, kisha akasogeza bakuli. "Lete mikono, mwanangu. Hina imefifia, na wa saba yuko njiani."

"Maji ya kuikandia umeyapata wapi, somo?"

Bi Salha akainamisha uso. "Kwa mama Nasra. Alikuwa amemwekea mtoto, ana homa."

Mwanakheri akaitazama ile hina mbichi kwa muda mrefu. Kisha akainuka, akauokota mkuki.

"Usiguse! Baba yako atasemaje?"

"Mwambie nimechoka kukaa."

Mkuki ulikuwa mzito kuliko alivyodhani, na miguu ilikuwa imekufa ganzi. Alishuka ngazi polepole, akashika njia ya kisimani. Nyuma yake milango ikaanza kufunguka mmoja mmoja, na akasikia ndoo tupu za wasichana zikigongana, zikimfuata.