Kitambaa Alichokiacha Panya

Alikuwapo Panya mmoja aliyeogopa kuchekwa kuliko kuliwa. Siku aliyohama shimoni kwenda kukaa juu ya mti, alibeba watoto wake watatu, akakiacha kitambaa chao cha kulalia. Kilikuwa kimetoboka, kinanuka maziwa na mikojo.

“Jirani yetu mpya ni Kindi,” alimwambia mumewe. “Yule hufagia mpaka matawi. Akikiona kitambaa kile, tutaficha wapi nyuso zetu?”

Mchana akawatandikia watoto pamba mpya, nyeupe pee. Watoto wakainusa, wakaangua kilio. Wakaimbiwa, wakabebwa mgongoni, kilio kikazidi. Chini ya mti Nyoka akainua kichwa, akasikiliza, akaanza kupanda.

Kindi akaja mbio, kakunja uso.

“Jirani, kitambaa chao kiko wapi?”

“Nimekiacha, dada. Kilikuwa kichafu, nikaona haya.”

Kindi alikimbilia kwake, akarudi na kipande cha gunia kilichochakaa, kinanuka kuliko kile cha Panya, akawatupia watoto. Wakakikumbatia, wakanyamaza, wakalala. Nyoka alikuwa amefika nusu ya mti. Sauti ikampotea, akateremka, akaenda zake.

“Ahsante, dada,” Panya akanong’ona. “Kumbe nawe una watoto wadogo?”

“Wangu wameshaoa,” Kindi akasema, akichungulia nyuma asisikiwe. “Ila nirudishie kabla ya magharibi. Baba yao hapati usingizi bila hicho.”