Mkono wa Mbaruku

Mbaruku alikuja kwa mshauri, Bi Tatu, kwa sababu mkewe alimwambia: usipokwenda, naondoka na mtoto. Alitarajia kiti na maswali. Bi Tatu akampeleka uwanjani nyuma ya nyumba, akamkabidhi kamba ya punda.

"Mpeleke mpaka kwenye ule mkwaju, kisha urudi naye."

"Fimbo iko wapi?"

"Hapa hatuna fimbo, baba."

Mbaruku alicheka. Punda bila fimbo! Lakini mnyama alimfuata kwa upole, pumzi yake ya moto ikimgusa kiwiko, hata Mbaruku akaanza kumsimulia jinsi mkewe anavyokuza mambo. Kibao kimoja, viwili, ndiyo kumpiga mtoto huko?

Walipofika kwenye mkwaju, tawi liliisukuma kofia yake. Akainua mkono airekebishe.

Punda alifumba macho, akainamisha kichwa, akajikunyata mwili mzima, akasubiri.

"Sijamgusa!" Mbaruku alipiga kelele. "Bi Tatu, wallahi sijamgusa!"

"Najua. Alipigwa huko alikotoka. Kwangu ana mwaka wa sita, hajaguswa."

Jana asubuhi, wakinywa chai, Mbaruku alinyoosha mkono kuchukua sukari. Binti yake Mwanaidi alifumba macho hivi hivi, akainamisha kichwa hivi hivi. Yeye alidhani mtoto ana usingizi.

Mkono wake ulikuwa bado juu, karibu na kofia, na punda bado amefumba macho.

"Bi Tatu," alinong'ona, "sasa nitaushushaje?"